Eisenstadt, mji wa watu 15,000 tu: mbona wakubwa wote hawa wanahesabiwa huko?

Mchimba Chumvi – #1
Wakuu habari. Kuna kamji kanaitwa Eisenstadt, kako Austria, kama kilomita 50 kusini mwa Vienna. Watu wake ni kama 15,000 hivi, kata moja tu ya Temeke inawameza wote na nafasi inabaki. Ndio makao makuu ya jimbo la Burgenland, na katika makao makuu yote ya majimbo ya Austria hako ndio kadogo kuliko yote. Sasa cheki majina: Haydn mtunzi wa muziki wa okestra mwenye simfoni 104, Josef Hyrtl bingwa wa anatomia ambaye kitabu chake kilichapwa na kurudiwa kuchapwa mara nyingi karne ya 19, rabi Akiva Eger ambaye Wayahudi wa dini mpaka leo wanasoma maandishi yake, halafu Andreas Ivanschitz aliyekuwa nahodha wa timu ya taifa ya mpira. Mimi nasema huu mji una kitu. Ama shule, ama damu, ama maji. Karibuni.

dogo_lao – #2
kama ni maji tuagize dumu mbili mkuu, huku mtaani kwetu tumetoa madalali tu

Fundi Saa – #3
Mleta uzi umeanza vibaya. Haydn hakuzaliwa Eisenstadt, kazaliwa Rohrau mwaka 1732, kijiji tu, baba yake fundi wa magurudumu ya mikokoteni. Akapelekwa Vienna mtoto mdogo kuimba kwaya ya kanisa kuu la St. Stephan. Eisenstadt kaja 1761 akiwa na miaka 29 kwa sababu kapata ajira kwa familia ya kina Esterházy, matajiri wakubwa wa Kihungaria wenye jumba pale. Mfanyakazi wa kuhamia huyo, sio mzawa.

Mchimba Chumvi – #4
@Fundi Saa soma kichwa cha uzi, nimeandika WANAHESABIWA. Jamaa alinunua nyumba pale 1766 akakaa nayo mpaka 1778, iliungua moto mara mbili, 1768 na 1776, na mara zote mwana mfalme wa hao Esterházy ndio alilipa ujenzi. Nyumba ipo mpaka leo ni makumbusho. Na kazikwa hapohapo. Mtu ana nyumba na ana kaburi, unataka na kitambulisho cha mkaazi?

Sheha Mstaafu – #5
Assalaam alaikum. Hili la kuzaliwa na kuhesabiwa sisi huku tunalijua vizuri. Freddie Mercury kazaliwa Unguja mwaka 1946, muziki wote kaufanyia Uingereza, wala hakuutaja sana mji wetu, na hivi leo Shangani ipo makumbusho yake na watalii wanapiga picha mlangoni. Hao wa Eisenstadt wana haki zaidi, mtu wao kawafanyia kazi hapo hapo. Basi mwacheni Haydn wao.

Kijana wa Likoni – #6
Shehe umemaliza. Lakini buda OP, hii theory ya damu wacha. Angalia pesa. Hao kina Esterházy walikuwa na pesa mpaka ya kuweka okestra nyumbani, si ya kukodi kwa harusi, ya kudumu na mishahara. Ukiwa na tajiri kama huyo hata kijiji cha watu mia tano kitatoa mastaa.

Mwanakwaya – #7
Naunga mkono hoja ya Likoni ila tusiwapambe sana hao matajiri. Mkataba wa Haydn wa 1761 upo na unajulikana, unamtaka avae sare ya nyumba, soksi nyeupe, nywele zipakwe poda, aripoti kila siku sebuleni kuuliza leo bwana mkubwa anataka muziki au hataki. Na kila alichotunga ni mali ya bosi, haruhusiwi kumpa mtu nakala. Kipengele hicho kimeondolewa 1779 walipoandikiana mkataba mpya, hapo ndio akaanza kuuza kwa wachapishaji na jina likaenda Paris na London.

Na muziki alioandika kwa sababu ya kero za kazini ndio mtamu zaidi. 1772 mwana mfalme Nikolaus alikuwa kwenye jumba lake la kiangazi Eszterháza, huko leo ni Hungary, akawa anaongeza tu muda wa kukaa, wakati wanamuziki wake wengi familia zimebaki Eisenstadt. Wanaume wakamlilia Haydn. Haydn hakuandika barua, kaandika simfoni, ile namba 45. Sehemu ya mwisho kila mpigaji akimaliza zamu yake anazima mshumaa wake anabeba chombo anatoka, mmoja mmoja, mpaka wanabaki wawili tu wa violini, Haydn mwenyewe na Tomasini, kiongozi wa wapiga violini. Bosi akaelewa. Inasemekana kesho yake ndio wakafungasha kurudi.

Abuu Muscat – #8
Aisee #7 hii imenigusa. Niliwahi kufanya kazi ya udereva kwa familia moja huku Ghuba, likizo ikisogezwa mpaka Ramadhani, ikifika Ramadhani inasogezwa mpaka baada ya Idi, ikipita Idi wageni wanakuja. Sikuwa na violini ya kumuonesha

dogo_lao – #9
@Abuu Muscat ungezima taa za gari moja moja mkuu hahahaaa

Daktari wa Kata – #10
Nimechelewa kwenye uzi ila mmemruka Hyrtl na ndio mzawa halisi hapo. Kazaliwa Eisenstadt Desemba 1810, profesa Prague 1837 akiwa hajafika hata 30, Vienna 1845, kitabu chake cha anatomia kimetoka 1846. Alikuwa fundi wa kuingiza nta na rangi kwenye mishipa ya damu ya maiti mpaka unaona vimishipa vidogo kabisa kama nyuzi, enzi hizo hakuna eksirei. Sisi tuliosoma udaktari tunadaiwa na huyu mzee hata kama jina lake halitajwi darasani.

Sasa hii ni zawadi kwa @Kijana wa Likoni: baba yake Hyrtl alikuwa anapiga obo, aina ya zumari, kwenye okestra ya kina Esterházy. Kwa hiyo hata daktari katoka kwenye mshahara uleule.

Kijana wa Likoni – #11
Si nilisema. Follow the money wasee. Na Franz Liszt je? Kazaliwa Raiding 1811, ni Burgenland hiyohiyo, baba yake alikuwa msimamizi wa kondoo kwenye mashamba ya kina Esterházy na zamani alipiga selo kwenye hiyo okestra. Kondoo wa tajiri wamemlea Liszt.

Fundi Saa – #12
Raiding sio Eisenstadt. Tukianza kuhesabu na vijiji vya jirani tutamaliza Ulaya yote.

Bibi Titi wa Graz – #13
Salamu kutoka huku huku Austria. Nimefika Eisenstadt na kwaya ya parokia yetu. Ni pazuri lakini pametulia mno, saa moja jioni unasikia viatu vyako. Kuna jumba kubwa la manjano la kina Esterházy katikati, ndani yake ukumbi wa Haydn, halafu unapanda kidogo unafika kanisa la Bergkirche, limejengewa kilima cha bandia chenye vituo vya njia ya msalaba unapanda ngazi na kushuka. Haydn yuko humo ndani kwenye kaburi la marumaru. Aliyetutembeza akatuambia kaburi lina mafuvu mawili, sisi tukajua anatania.

Mchimba Chumvi – #14
Mawili???

dogo_lao – #15
niko siti ya mbele na karanga zangu, mama endelea

Daktari wa Kata – #16
Hatanii. Kwa kifupi. Haydn kafa Vienna Mei 31, 1809, Wafaransa wa Napoleon wameukalia mji, mazishi ya harakaharaka. Siku chache baadae jamaa wawili, Rosenbaum aliyewahi kuwa karani wa kina Esterházy, na Peter aliyekuwa msimamizi wa gereza, wanamhonga mchimba kaburi, kichwa kinakatwa. Sababu: walikuwa wafuasi wa Gall, yule aliyefundisha kwamba kipaji kinaonekana kwenye nundu za fuvu. Walitaka kuona nundu ya muziki. Na wakasema wameiona.

1820 mwana mfalme Nikolaus wa Pili anakumbuka kwamba mtunzi wa familia bado kalala Vienna, anaagiza mwili uletwe Eisenstadt. Jeneza linafunguliwa, kuna mwili na wigi tu. Polisi wanakwenda kwa Rosenbaum. Mke wake, mwimbaji Therese Gassmann, analala kitandani juu ya fuvu lililofichwa kwenye godoro na kusema yuko kwenye siku zake, hao mabwana wakatoka mbio kwa heshima. Baadae Rosenbaum akatoa fuvu la kijana, likakataliwa, akatoa la mzee, likakubaliwa likazikwa. Lile lenyewe likazunguka mikononi mwa watu mpaka 1895 likafika kwenye chama cha marafiki wa muziki cha Vienna. Limerudishwa kwenye mwili 1954. Na lile la mzee asiyejulikana halikutolewa. Ndio mawili hayo.

Sheha Mstaafu – #17
Laa ilaha illallah. Miaka 145 mtu kiwiliwili huku kichwa kule.

Binti Kalenga – #18
1954??? Ngoja kwanza. Mimi ni wa Iringa, na mwaka huohuo 1954, Juni 19, ndio fuvu la Mtwa Mkwawa limekabidhiwa Kalenga na gavana Twining. Babu yetu kajipiga risasi Julai 1898 asishikwe na Wajerumani, wakamkata kichwa wakaondoka nacho. Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu kabisa, cha 246, kinaidai Ujerumani ilirudishe, na bado imepita miaka 35 ndio likaja. Kwa hiyo mwaka mmoja, vichwa viwili vinarudi kwao, kimoja Burgenland kingine Uhehe. Hii hakuna mtu aliwahi kuniambia.

Fundi Saa – #19
Tofauti ipo dada. Haydn kaibiwa na mashabiki wake, Mkwawa kachukuliwa na maadui. Na hilo la Kalenga wanahistoria wengine wanalitilia shaka, Twining alilichagua kwenye kabati la makumbusho ya Bremen kwa kupima uwiano wa upana na urefu wa fuvu na kulinganisha na ndugu, pamoja na tundu la risasi.

Binti Kalenga – #20
@Fundi Saa shaka zenu wekeni kabatini na nyie. Sisi tumelipokea na tumelitunza, lipo kwenye makumbusho Kalenga njoo uone. Mbona huko Eisenstadt hamsemi hilo la Haydn limepimwa na nani?

Mtani wa Pwani – #21
Kwa hiyo mzungu akipima kichwa cha mzungu ni mapenzi ya muziki, akipima cha mtu mweusi ni sayansi. Akili zilezile tu, tepu ya kupimia ileile.

Daktari wa Kata – #22
@Mtani wa Pwani hapo ndipo Hyrtl anarudi, na mimi ndio napenda sehemu hii. Mzawa huyu wa Eisenstadt alikuwa na mkusanyiko wake wa mafuvu, 139 kati ya hayo yako makumbusho ya Mütter kule Philadelphia tangu 1874. Mengi yameandikwa jina, umri, kwao, kazi, na kilichomuua mwenyewe. Fundi viatu, mwanajeshi, mtu aliyejinyonga. Na shabaha yake ilikuwa kuwapinga hao wa nundu: kuonesha kwamba hata ndani ya Wazungu wenyewe mafuvu yanatofautiana kiasi kwamba huwezi kusoma akili wala kabila humo.

Mtani wa Pwani – #23
Sawa, lakini hao 139 waliombwa ruhusa?

Daktari wa Kata – #24
Hapana. Wengi ni maskini, wafungwa, waliojiua. Hilo silitetei.

Mwanakwaya – #25
Na ongezeeni hili, fuvu linalodaiwa kuwa la Mozart lilipitia kwenye familia hiyohiyo! Kaka yake, Jakob Hyrtl, alipewa na mtunza makaburi 1842, likaja kwa Josef, mwaka 1902 likafika Salzburg. 2006 wamelipima vinasaba wakalinganisha na mifupa ya waliodhaniwa ni ndugu wa Mozart, majibu hayakusaidia, maana hata hao "ndugu" hawakuwa ndugu wao kwa wao.

dogo_lao – #26
huu mji haujatoa watu maarufu, umetoa vichwa maarufu

Mzee Kigoda – #27
Vijana mmehama mada, mnacheza na makaburi usiku. Turudi kwenye swali. Wote mmekazania pesa za Esterházy na mmemsahau Akiva Eger ambaye hakupiga violini wala baba yake hakuchunga kondoo wa mtu. Kazaliwa Eisenstadt 1761, mwaka uleule Haydn anaajiriwa, akaja kuwa rabi mkuu wa Posen, leo ni Poznań huko Poland. Mtaa wa Wayahudi pale ulikuwa na shule za dini zenye jina kabla hata ya Haydn. Katikati ya karne ya 19 rabi Hildesheimer akafungua chuo hapo, 1851, vijana wanasoma Talmudi, yaani vitabu vya sheria ya Kiyahudi, na hesabu na Kijerumani kwa pamoja, kitu kilichowakera wazee wengi wa wakati huo. Mji mdogo wenye mtaa ambao kila mtoto wa kiume lazima ajue kusoma, hapo unategemea nini? Mimi nasema ni elimu.

Bibi Titi wa Graz – #28
Mzee shikamoo. Mnyororo wa huo mtaa upo mpaka leo, ulikuwa unafungwa barabarani siku ya Sabato magari ya farasi yasipite. Wenyewe hawapo. 1938 baada ya Hitler kuichukua Austria walifukuzwa wote kwa muda mfupi sana. Nyumba ya tajiri Wertheimer ndio makumbusho yao sasa.

Kijana wa Likoni – #29
Mzee Kigoda marahaba kwa elimu lakini nani aliwapa Wayahudi ruhusa ya kuishi hapo na kuwalinda? Kina Esterházy tena, kwa kulipwa. Vienna walikuwa wamefukuzwa 1670. Tajiri haepukiki kwa hii story.

Mzee Kigoda – #30
Kulindwa kwa kulipia sio kulelewa kijana. Hata mwenye nyumba wangu ananilinda basi.

Pasi ya Kusafiria – #31
Naona mnasema "mji wa Austria" kwa kujiamini. Burgenland imeingia Austria 1921. Kabla ya hapo ni Hungary, Eisenstadt ikiitwa Kismarton. Kwa hiyo Hyrtl na Eger wamezaliwa Ufalme wa Hungary. Na makao makuu yalitakiwa yawe Sopron, ila Desemba 1921 Sopron wakapiga kura wakabaki Hungary, Eisenstadt ikapewa kiti 1925. Nadharia yangu: mji wa mpakani, Wajerumani, Wahungaria, Wakroati, Wayahudi, kila mtu anajua lugha mbili tatu, ndio unazalisha vichwa. Tanga, Kigoma, Mombasa mbona ni hivyohivyo.

Fundi Saa – #32
Kigoma imetoa wangapi wa kulinganisha na Haydn? Mpaka peke yake hautoi mtu. Na mimi bado sikubali swali lenyewe. Mji wowote ukikaa miaka mia tatu, ukatafuta majina ukiwa na njaa ya kuyapata, utayapata manne. Kila mji mdogo wa Ulaya una bango la nani kalala hapa usiku mmoja. Nelson, yule admirali wa Uingereza, alipita Eisenstadt 1800, mtamhesabu na yeye? Beethoven misa yake ya C imepigwa pale mara ya kwanza 1807 na bwana mkubwa hakuipenda, mtamhesabu?

Mchimba Chumvi – #33
Beethoven simchukui, alitukanwa akaondoka zake. Lakini Eger na Hyrtl huwezi kuwafuta kwa hesabu hiyo mkuu, na hujajibu kwanini Temeke haina bango.

Mtani wa Pwani – #34
Kama tunahesabu waliopita, basi mimi naleta George Bridgetower. Baba yake alikuwa mtu mweusi, akifanya kazi kwenye nyumba ya kina Esterházy, mtoto akatangazwa ni mwanafunzi wa Haydn, akapiga violini Paris na London angali mdogo. 1803 Beethoven akamwandikia sonata wakaipiga pamoja Vienna, halafu wakakosana, jina likafutwa likaandikwa la Kreutzer, mpiga violini mwingine, ambaye inasemekana hata hakuwahi kuipiga. Huyu kwenye mabango ya huko yupo? Au bango ni kwa baadhi?

Bibi Titi wa Graz – #35
Sikuona jina lake nilipopita, ila sikusoma kila ukuta.

Ultras wa Ilala – #36
Naona mpira mmeuweka pembeni. Ivanschitz kazaliwa pale Oktoba 1983, nyumbani kwao ni Wakroati wa Burgenland, kapiga Rapid, Salzburg, Panathinaikos, Mainz, Levante, mpaka Seattle. Sasa sikilizeni hii: Euro 2008, Vienna, Juni 16, Austria na Ujerumani. Ivanschitz uwanjani, wimbo wa taifa wa Ujerumani unapigwa. Ule wimbo muziki wake kautunga nani? HAYDN, 1797, kwa ajili ya kaizari wa Austria! Yaani mtoto wa Eisenstadt kasimama anamsikiliza mzee wa Eisenstadt akiwaimbia wapinzani. Halafu Ballack akawapiga friikiki moja, 1-0, kwaheri.

Kijana wa Likoni – #37
Manze hii ndio post ya mwaka

Fundi Saa – #38
Mzee wa ROHRAU.

dogo_lao – #39
fundi saa hataki kufa na hili

Binti Kalenga – #40
Mimi bado nipo kwenye yale mafuvu. Yule mzee wa pili ni wa nani? Hao jamaa walimtoa wapi? Alikuwa na watoto, na kaburi lake mwenyewe liko wapi halina kichwa?

Daktari wa Kata – #41
Peter alikuwa na mkusanyiko wake wa vichwa, ndiko yatakuwa yametoka. Mfungwa aliyekufa gerezani ndio nadhani inakaribia zaidi, maana gereza lilikuwa mikononi mwake.

Sheha Mstaafu – #42
Au maiti ya hospitali. Na kumwacha humo ni adabu, walichofanya ni sawa. Ungemtoa ungempeleka wapi?

Mtani wa Pwani – #43
Ungempima vinasaba shehe. Berlin 2023 wamepima mafuvu ya kutoka kwetu wakapata ndugu walio hai Kilimanjaro. Wakitaka wanaweza.

Pasi ya Kusafiria – #44
Utampima na nani sasa? Kule Kilimanjaro kulikuwa na kumbukumbu ya nani kachukuliwa wapi na familia inasubiri. Huyu hakuna anayemtafuta.

Binti Kalenga – #45
Hujui kama hakuna.

Mzee Kigoda – #46
Bibi Titi, nauli ya treni Vienna mpaka huko ni ngapi? Nina mjukuu anasoma Vienna, nataka nimtume akanipigie picha ule mnyororo.

Bibi Titi wa Graz – #47
Mzee bei zinabadilika, aangalie mwenyewe siku hiyo, ila basi la moja kwa moja ni rahisi kuliko treni, la treni mara nyingi anabadilisha njiani. Aende asubuhi, Jumatatu asiende, makumbusho mengi huku hufungwa.

Ultras wa Ilala – #48
Wakuu wiki ijayo nafungua uzi wa Wiener Neustadt, Dominic Thiem wa tenisi kazaliwa huko, bingwa wa US Open 2020. Jipangeni.

Fundi Saa – #49
Weka kabisa na nani kazaliwa wapi, usije ukatuletea wahamiaji.